Mwalimu na Mzigo wa Sifuri

Kila mwaka Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo, makelele huwa ni yale yale. Wazazi ambao watoto wao wamefaulu humshukuru Mungu. Wale ambao watoto wao wameanguka hutafuta mtu wa kutwishwa mzigo, na mtu aliye karibu siku zote ni mwalimu. Anakaa pale pale kijijini, jina lake lajulikana, na mlango wake hauna mlinzi. Sisi twaona kwamba swali hili halifai kujibiwa kwa hasira, maana jibu lake ndilo litakaloamua mwakani tufanye nini.

Wapo wanaokumbuka yaliyotokea Bukoba mwezi wa Februari, 2009. Mkuu wa Wilaya aliamuru polisi awachape viboko walimu 19 wa shule za msingi, kwa ajili ya matokeo mabaya ya mtihani wa Darasa la Saba. Rais alimwondoa bwana yule katika cheo chake, na ilikuwa haki kabisa. Mtu mzima, mtumishi wa umma, hachapwi kama punda wa mkokoteni. Lakini fikra iliyoushika mkono ule haikuondoka pamoja na mwenye cheo. Bado imo katika mikutano yetu, isipokuwa siku hizi huvaa maneno ya adabu: ‘walimu wajieleze’, ‘wakuu wa shule wavuliwe madaraka’.

Basi na tuyatazame mambo yenyewe. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliitia nchi nzima fadhaa: watahiniwa zaidi ya 240,000, yaani kama sita katika kila kumi, walipata sifuri. Waziri Mkuu akaunda tume, na mwezi wa Mei Serikali ikayafuta matokeo yale ili alama zipangwe upya. Zilipopangwa, maelfu ya vijana waliokuwa wameanguka wakaonekana wamefaulu. Walimu walikuwa wale wale, na karatasi za majibu zile zile. Kilichobadilika ni kipimo tu. Je, yule aliyekuwa tayari kumchapa mwalimu mwezi wa Februari, angemwomba radhi mwezi wa Mei?

Hatusemi hayo ili kuwafanya walimu kuwa malaika. Uchunguzi wa Benki ya Dunia uliofanywa katika shule zetu za msingi mwaka 2014 ulikuta kwamba, wachunguzi walipofika bila kutoa taarifa, karibu nusu ya walimu hawakuwamo darasani wakati wa kipindi. Wengi wao walikuwapo shuleni! Walikuwa ofisini, au chini ya mti, au katika shughuli nyingine, na watoto wameketi wakitazama ubao mtupu. Jambo hili ni aibu, wala halina udhuru wa mshahara mdogo. Mfanyakazi wa kiwandani anayeiacha mashine yake ikizunguka bure hukatwa ujira wake. Hapo mwalimu analo kosa, na tena msimamizi wake, mwalimu mkuu, analo kosa kubwa zaidi, kwa kuwa yeye yupo pale pale na anaona.

Lakini mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, nguo ikitoka mbovu, huulizwa pia: uzi ulioletewa ulikuwa wa namna gani? Mtoto wetu husoma kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, kisha aingiapo Kidato cha Kwanza huambiwa afahamu fizikia na historia kwa Kiingereza. Mwalimu aliye mbele yake naye alipita njia ile ile, na mara nyingi Kiingereza chake ni cha kuazima. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zifundishe kwa Kiswahili. Pendekezo likawekwa kabatini. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilifungua mlango kwa Kiswahili katika ngazi zote, lakini mitihani ya sekondari ikaendelea kwa Kiingereza. Mtoto aijuaye hoja na asiyeweza kuiandika katika lugha ya mtihani hupewa sifuri sawa na yule asiyejua lolote.

Tena kuna hesabu ya watu. Uamuzi wa Musoma wa mwaka 1974 wa kuwaingiza watoto wote shuleni ulikuwa uamuzi wa Chama, na ni wa kujivunia. Lakini walimu walipatikana kwa kuwachukua vijana waliomaliza Darasa la Saba na kuwafunza huku wakifundisha. Zilipofika shule za sekondari za kata, wana-Chama tulibeba mawe na mchanga, madarasa yakasimama kila upande. Mwalimu wa hisabati, hata hivyo, hajengwi kwa mawe. Na ada ilipofutwa hata sekondari, mwaka 2016, watoto walifurika wakiwa na haki yao mkononi, na mwalimu akajikuta mbele ya darasa lililojaa hata mlangoni.

Liko jaribio moja ambalo twapenda wasomaji walijue. Kati ya 2013 na 2014, shirika la Twaweza na watafiti wenzake walizigawa shule za msingi 350 katika wilaya 10. Baadhi zilipelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mtoto, moja kwa moja. Baadhi, walimu waliahidiwa bakshishi kwa kila mtoto atakayefaulu kusoma na kuhesabu. Nyingine zikapata yote mawili. Fedha peke yake hazikuinua matokeo. Bakshishi peke yake nayo haikuyainua kwa kiasi cha kuaminika. Palipokuwa na yote mawili, watoto walijifunza zaidi, na kwa wazi. Anayesema ‘mwalimu ni mvivu tu’ na anayesema ‘fedha ndizo hazitoshi’, wote wawili wamejibiwa hapo.

Kwa hiyo, Ndugu wanachama mlio katika kamati za shule, mkikutana muhula huu msianze na jina la mwalimu. Itisheni kwanza daftari la mahudhurio, si la kuingia lango la shule bali la kuingia darasani. Ulizeni ruzuku ya mwezi uliopita ilifika lini, na kama hesabu yake imebandikwa ubaoni mahali ambapo kila mzazi aweza kuisoma. Ulizeni mwalimu wa sayansi anafundisha vipindi vingapi kwa wiki, na usiku analala wapi. Majibu yakishaandikwa, hapo ndipo aitwe anayestahili kuitwa, awe ni mwalimu, mwalimu mkuu, au bwana mkubwa wa halmashauri.