Kyoto: Kila Msakura na Siku Yake

Anayepanga kwenda Kyoto, Japani, kuangalia maua ya msakura, yaani mcheri wa Kijapani, huuliza swali moja: yatachanua lini? Ni swali la haki, ila akilishika hilo peke yake ataishia kusukumana na umati siku tatu, apige picha, aondoke akiwa ameona mti mmoja tu. Nasema mti mmoja kwa maana yake halisi, na nitaeleza.

Misakura inayojaza kadi na mabango ya utalii ni ya aina iitwayo Somei-yoshino. Ni chotara aliyetokea Edo, ambayo leo ni Tokyo, na jina la Somei ni la kijiji cha watunza bustani waliouza miche yake. Mzazi mmoja, Edohigan, ameupa tabia ya kuchanua kabla ya majani kutoka. Mwingine, Oshima, ameupa maua makubwa. Lakini Somei-yoshino haukubali chavua yake wenyewe. Ukichavushwa na msakura wa aina nyingine, mbegu itakayopatikana itazaa mti mwingine kabisa. Njia iliyobaki ni ile anayoijua kila mkulima wa maembe ya kisasa: kubebesha. Kikonyo kinakatwa kwenye mti uliopo na kuunganishwa kwenye shina la mche mwingine, na hivyo ndivyo aina hii ilivyoenea Japani nzima. Maelfu ya miti unayoiona mtoni, shuleni na vituoni ni mwili uleule ulioendelezwa. Ndiyo maana mtaa mzima huchanua pamoja na kupukutika pamoja.

Kazi ya kuchanua huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Vitumba vya maua huundwa wakati wa kiangazi cha mwaka uliotangulia, kisha hulala. Baridi ya majira ya baridi ndiyo inayouvunja usingizi huo. Bila baridi ya kutosha, kitumba hakiamki vizuri hata jua likiwaka. Kikishaamka, kinahitaji joto la kukikuza. Wajapani wana kanuni ya makadirio: anza tarehe 1 Februari, jumlisha joto la juu la kila siku, na jumla ikifika nyuzi 600 za Selsiasi, maua yako karibu. Haikosi kuteleza siku kadhaa, lakini inaonyesha mti unavyofanya hesabu yake.

Watumishi wa idara ya hali ya hewa, kwa upande wao, huenda kuutazama mti wenyewe. Kila kituo kina msakura wake wa kupimia, na maua matano au sita yakifunguka juu yake, hutangaza kuwa msimu umeanza. Asilimia 80 ya vitumba ikifunguka, maua yametimia. Kati ya tangazo la kwanza na la pili hupita kama wiki moja. Wastani wa Kyoto kwa miaka ya 1991 hadi 2020 ni Machi 26 kuanza na Aprili 4 kutimia, ingawa miaka ya karibuni maua yametangulia tarehe hizo mara nyingi.

Ukishafika, nenda asubuhi na mapema kwenye Njia ya Mwanafalsafa, kando ya mfereji unaotoka Ziwa Biwa, ambao maji yake huelekea kaskazini wakati mito ya mji inateremka kusini. Simama chini ya tawi lililoshuka, usogeze uso. Ua changa lina petali tano karibu nyeupe, kila moja imekatika kidogo nchani. Ua lililokaa siku kadhaa lina wekundu katikati, na wekundu huo ndio dalili kwamba petali ziko tayari kuanguka, moja moja. Ukiona ua zima linashuka likizunguka na kikonyo chake, tafuta shomoro juu yako. Mdomo wake mfupi haufiki kwenye mbochi kwa mbele, kwa hiyo analing'ata ua kwenye shingo, ananyonya, kisha analiachia.

Na sasa misakura mingine, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Sherehe ya kwanza ya maua inayojulikana katika maandishi iliandaliwa na Mfalme Saga mwaka 812 katika bustani ya Shinsen-en, ambayo kipande chake kipo hadi leo jirani na kasri la Nijo. Somei-yoshino haukuwapo. Waliangalia yamazakura, msakura wa porini, ambao majani yake mekundu hutoka pamoja na maua. Huota kwa mbegu, kwa hiyo kila mti una sura yake na siku yake. Tazama vilima vya Arashiyama kutoka ng'ambo ya mto: mmoja mweupe, wa pili una waridi, wa tatu ndio kwanza unafumbua. Kwangu mimi, mandhari hiyo inaushinda mstari wowote wa miti iliyolingana.

Yamazakura hiyo pia imetuachia kumbukumbu ya hali ya hewa isiyo na mfano. Mtafiti Yasuyuki Aono wa Osaka alipekua shajara za wafalme, makabaila na watawa, akakusanya tarehe za maua ya Kyoto kwa zaidi ya miaka 1,200. Mwaka 2021 maua yalitimia Machi 26, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika orodha hiyo; rekodi iliyovunjwa, Machi 27, ilikuwa ya mwaka 1409. Mwanzoni mwa karne ya 19 yalikuwa yakitimia katikati ya Aprili. Ongezeko la joto duniani limechangia, na joto la mji wenyewe, wa lami na zege, limechangia pia.

Kwa aliyekosa tarehe, habari ni njema. Misakura yenye matawi yaliyoinama katika bustani ya kasri la zamani la wafalme, pale palipokuwa na makazi ya ukoo wa Konoe, hutangulia. Ule mkubwa wa bustani ya Maruyama, uliopandwa mwaka 1949 kutokana na mbegu ya mti uliokufa mwaka 1947, hufuata. Yenye petali nyingi za waridi katika hekalu la Heian huja Aprili, wakati Somei-yoshino inapukutika. Ya mwisho ni Omuro, katika hekalu la Ninna-ji, mifupi kiasi kwamba maua yako usawa wa uso wa mtu mzima. Katikati ya Aprili bado huwa inachanua.

Ukitandika mkeka, vua viatu, na usiutandike juu ya mizizi. Udongo ukishindiliwa na miguu, mizizi hukosa hewa. Tawi usilivute wala usilivunje, kwa kuwa kidonda cha msakura huoza upesi. Na kabla hujaondoka Kyoto, kula sakuramochi, tonge la wali mtamu wa kunata lililofungwa kwa jani la Oshima lililotiwa chumvi. Jani bichi karibu halinukii. Chumvi ndiyo inayoitoa harufu yake. Lile jani huliwa pia.