Kamati ya Geneva na Kipigo cha Elwak

Mwishoni mwa Oktoba 2008, wanajeshi na polisi wa Kenya waliingia Elwak na miji mingine ya Mandera katika operesheni iliyoitwa Chunga Mpaka. Walikusudia kuwanyang'anya silaha wanamgambo wa koo za Garre na Murule zilizokuwa zikipigana. Wanaume walikusanywa na kupigwa ili waseme bunduki ziko wapi. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Juni 2009, lilitaja majeruhi zaidi ya 1,200, mtu mmoja aliyefariki na wanawake wasiopungua kumi na wawili waliobakwa.

Je, huo ulikuwa utesaji, au ukali wa askari tu? Neno "mateso" hubeba taabu ya kila namna, hata ya maradhi na ya mapenzi. "Utesaji" humwashiria mtendaji, na ndilo linalofaa hapa. Kifungu cha 1 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1984 kinazungumzia maumivu makali ya mwili au ya akili, yanayosababishwa makusudi na mtumishi wa dola au kwa idhini yake, kwa mfano ili kupata habari, au kumwadhibu mtu kwa kosa lake au la mwingine. Mfugaji anayepigwa kwa sababu ya bunduki ya jamaa yake yumo ndani ya maneno hayo.

Kenya ilijiunga na Mkataba huo mwaka 1997, lakini ripoti yake ya kwanza ilichelewa kwa miaka mingi. Kwa sadfa, Kamati dhidi ya Utesaji, yenye wataalamu 10, iliijadili Geneva Novemba 2008, majeraha ya Elwak yakiwa bado mabichi. Kamati husoma maelezo ya serikali sambamba na yale ya mashirika ya kiraia, kisha huwahoji wajumbe wa serikali ana kwa ana. Katika mahitimisho yake iliitaja Chunga Mpaka pamoja na Okoa Maisha ya Mlima Elgon, ikataka uchunguzi ufanywe. Haina askari wala jela; nguvu yake ni kuuliza hadharani na kurudia swali.

Kinga ni jambo jingine. Itifaki ya Hiari, iliyoanza kutumika 2006, huwaruhusu wakaguzi kuingia magereza na mahabusu. Mwaka 2008 Kenya haikuwa imeiridhia, wala haikuwa imekubali raia mmojammoja aipelekee Kamati malalamiko. Hata hivyo, ukaguzi wa seli ungesaidia nini pale ambapo watu walipigwa uwanjani? Hapo kinachobaki ni ushahidi: cheti cha daktari, tarehe, jina la kikosi. Ndiyo maana Umoja wa Mataifa ulitoa Mwongozo wa Istanbul, unaowafunza matabibu kuandika alama za utesaji kwa namna inayokubalika mahakamani.

Sheria ya Kenya ya Kuzuia Utesaji ilipitishwa 2017, miaka tisa baada ya operesheni ya Mandera.