Kioo Kikiwa Cheusi: Namna ya Kutafuta Kosa Katika Draiva ya Picha

Kompyuta ikiwashwa ikatoa kioo cheusi, watu wengi husema mara moja ya kuwa imekufa. Hufunikwa kitambaa, hutiwa kabatini, na baada ya miaka miwili hutupwa. Lakini mara nyingi mashine hiyo ni nzima, na ugonjwa wake ni mistari michache tu ya maandishi katika programu. Katika makala hii nataka kueleza jinsi kosa la namna hiyo linavyotafutwa katika Linux. Nimechagua Linux kwa kuwa maandishi yake hayakufichwa: mtu yeyote, hata mwanafunzi wa hapa Giheke, ana ruhusa ya kuyasoma, kuyabadili na kuyatengeneza.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, mwenye umri wa miaka 21. Leo inaendesha kompyuta kubwa za dunia na simu nyingi za mikononi, maana Android imejengwa juu yake. Kompyuta ndogo za XO, ambazo watoto wa shule za msingi za Rwanda walianza kupewa mwaka 2008, nazo zilitumia Linux. Katika Afrika, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa mwaka 2004 aina ya Linux iitwayo Ubuntu. Sisi wasemao Kinyarwanda hatuhitaji kufasiriwa jina hilo: ubuntu ni utu na ukarimu, na kitu cha “ku buntu” ni kitu cha bure. Waswahili husema utu, na shina ni lile lile.

Sasa draiva ya picha ni nini? Ni programu inayosimama kati ya kiini cha Linux na kile chombo kinachochora picha. Kazi yake ni kama ya dereva wa gari, ndiyo sababu ya jina lake. Kioo cha kawaida cha kompyuta ndogo kina nukta 1,366 kwa upana na 768 kwa urefu, yaani nukta 1,049,088. Kila nukta huchukua baiti 4, basi picha moja nzima huchukua zaidi ya baiti milioni 4, nayo hupelekwa kwenye kioo mara 60 kila sekunde. Kabla ya kuanza, draiva hukiuliza kioo: “Wewe una upana gani, na mwendo gani?” Kioo hujibu kwa fungu fupi la baiti 128. Jibu hilo likisomwa vibaya, au chombo kikipewa mwendo usiomfaa mwenzake, kioo hubaki cheusi ijapokuwa kompyuta yenyewe inafanya kazi.

Basi mtafutaji wa kosa afanye nini? Asianze kubomoa. Afuate utaratibu, jambo moja baada ya jingine.

Kwanza, apime kama mashine i hai. Abonyeze kitufe cha herufi kubwa, Caps Lock. Kama taa yake inawaka na kuzimika, kiini kingali kinasikia. Kisha amulike kioo kwa tochi kutoka upande. Akiona picha hafifu sana, basi draiva imechora, ila taa ya nyuma ya kioo ndiyo haiwaki. Kwa njia hii rahisi, ugonjwa mmoja umekwisha tengwa na mwingine.

Pili, aiwashe kompyuta bila draiva kamili. Linux hukubali neno “nomodeset” liandikwe kabla kiini hakijaanza kazi. Neno hilo huizuia draiva isiupange mwendo wa kioo. Kama sasa picha yaonekana, hata ikiwa haikukaa vizuri, basi kioo na waya wake ni wazima, na shaka yaangukia draiva.

Tatu, asome daftari la mashine. Linux huandika kila linalotokea tangu kuwashwa, na amri ya “dmesg” huyaonyesha hayo yote. Atafute jina la draiva yake: i915 ni ya vyombo vya Intel, amdgpu ni ya AMD, nouveau ni ya Nvidia. Daftari huenda lisitaje kosa kwa uwazi, lakini huonyesha mahali mambo yalipokatikia.

Nne, aulize: je, kosa hili lilikuwako tangu zamani, au limekuja na toleo jipya? Kwa kawaida matoleo machache ya kiini ya nyuma huwa bado yamo katika mashine, na mtu aweza kuchagua mojawapo wakati wa kuwasha. Kama la zamani laonyesha picha na jipya halionyeshi, hapo pana bahati kubwa, maana kosa limeingia kati ya hayo mawili.

Lakini kati ya toleo moja na la pili huwa na mabadiliko zaidi ya 10,000, yaliyofanywa na watu wa nchi nyingi. Nani awezaye kuyasoma yote? Hapa ndipo hesabu inapotusaidia. Fikirini bomba la maji linaloshuka mlimani, lenye mifereji mingi njiani, na maji hayafiki bondeni. Mtu asiye na akili huanza juu akafungua kila mfereji. Mwenye akili huenda katikati. Maji yakitoka hapo, bomba limepasuka chini. Yasipotoka, limepasuka juu. Kwa jaribio moja ameondoa nusu ya kazi. Kisha huenda katikati ya nusu iliyobaki, na kuendelea.

Kwa njia hiyo mabadiliko 10,000 huwa 5,000, kisha 2,500, kisha 1,250, na baada ya majaribio 14 hivi hubaki badiliko moja tu. Torvalds alitengeneza mwaka 2005 programu ya kutunza historia ya maandishi, iitwayo Git, na ndani yake imo amri ya “git bisect” inayofanya hesabu hii. Wewe wajibu tu “good” kama picha yaonekana, au “bad” kama haionekani. Kila jaribio lataka kiini kijengwe upya, na katika kompyuta kuukuu kazi hiyo huchukua masaa mengi. Kwa hiyo kinachohitajika si utajiri, bali ni uvumilivu na daftari la kuandikia majibu. Jibu moja la uongo katika yale 14 litakupeleka kwenye mlima usio wako.

Yafaa tena kujihadhari na kumhukumu mtu kabla ya ushahidi. Mwaka 2008, toleo la Linux 2.6.27 lilipokuwa bado katika majaribio, kadi za mtandao za Intel zilizotumia draiva ya e1000e zilianza kufa. Haikuwa kosa dogo: kumbukumbu ya kudumu ndani ya kadi ilikuwa ikiharibiwa, hata kuzima na kuwasha hakukusaidia kitu. Watu walipoteza vyombo walivyonunua kwa fedha zao. Wa kwanza kushukiwa alikuwa draiva ya kadi yenyewe. Wengine wakaishuku draiva ya picha ya Intel. Mwezi wa Oktoba mkosaji alijulikana, naye hakuwa yeyote kati ya hao. Alikuwa ftrace, chombo kilichowekwa ndani ya kiini ili kuwasaidia watafuta makosa!

Sababu yake ilikuwa hivi. Ftrace ilitunza orodha ya mahali fulani katika kumbukumbu ya kompyuta ambapo ingebadilisha maandishi. Baadhi ya mahali hapo palikuwa pa programu za kuanzishia tu, ambazo zikimaliza kazi huondolewa, na nafasi yao hupewa wengine. Orodha haikufutwa. Nafasi zile zikaja kupewa kadi ya mtandao. Ftrace ilikuwa ikilinganisha kwanza kabla ya kubadili, lakini amri ya kulinganisha iliyotumiwa huandika siku zote: isipokuta ilichotarajia, hukirudisha kile kile ilichokikuta. Ni kama mpaka rangi mwenye orodha ya nyumba ya zamani. Akifika na kuona mlango si wake, huupitishia rangi yake ile ile ya kwanza, kisha huondoka. Mlango wa mbao haudhuriki. Lakini kumbukumbu ya kadi si mbao. Kuguswa kule tu kuliiharibu. Toleo la 2.6.27 lilitoka tarehe 9 Oktoba 2008, na siku chache baadaye likatoka 2.6.27.1, ambalo ndani yake sehemu ile ya ftrace ilizimwa.

Mafunzo ya habari hii ni mawili. La kwanza, mahali kosa linapoonekana sipo lazima mahali lilipozaliwa. La pili, kama maandishi yale yangalifichwa, wenye kadi zilizokufa wangalibaki wakilaumu kadi zao tu. Kwa sababu yalikuwa wazi, watu wa kampuni mbalimbali na watu wasio na kampuni walitafuta pamoja wakampata mkosaji.

Mwisho, mkilipata kosa, msikae nalo. Waandikieni watunzaji wa draiva hiyo. Tajeni aina ya mashine, toleo lililo zima na toleo lililo gonjwa, maneno ya daftari kama yalivyo, na badiliko mlilolifikia kwa kugawa nusu kwa nusu. Msiandike “haifanyi kazi” tu, maana mganga hawezi kumtibu mgonjwa asemaye “naumwa” na asiseme wapi. Kanuni ya Torvalds ni kwamba badiliko jipya lisimharibie mtu kitu kilichokuwa kikimfalia jana, kwa hiyo ripoti yenye ushahidi husikilizwa hata ikitoka kwa mtu asiyejulikana. Na desturi yao ni kuandika jina la mwenye kuripoti katika historia ya Linux, karibu na jina la aliyetengeneza.

Wanafunzi wa zamani mlio kazini, katika ofisi zenu zimo kompyuta zilizofunikwa vitambaa. Kabla hazijatupwa, mulikeni vioo vyake kwa tochi, mkaziwashe kwa neno lile moja. Na ninyi mlio bado darasani, ile hesabu ya kugawa kwa mbili mliyojifunza mkiwa wadogo yatosha kuanzia kazi hii.