Mbegu Chotara: Kwa Nini Tununue Kila Mwaka?



Kila msimu wa kupanda unapokaribia, swali hili hurudi mezani. Mwaka jana fedha za mbegu zilitolewa, mahindi yakastawi, ghala limejaa. Kwa nini tununue tena? Si tuchague mahindi makubwa tupande hayo? Ni swali la haki, na jibu limo ndani ya mmea wenyewe.

Chotara hupatikana kwa kuoanisha wazazi wa koo mbili tofauti. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale, Kenya, walitoa chotara H611: mzazi mmoja alitokana na mahindi ya Kitale, mwingine na mahindi ya Ekuado, Amerika ya Kusini. Mtoto anapowazidi wazazi wake namna hiyo tunasema ana nguvu ya chotara. Wafugaji wa ng'ombe wanaifahamu vizuri.

Sehemu ya nguvu hiyo inahusiana na homoni, yaani kemikali ambazo mmea hujitengenezea kwa kiasi kidogo sana ili kuongoza ukuaji wake. Mojawapo ni jiberelini, inayorefusha shina. Mwaka 1988 watafiti wa Kanada walieleza kwamba mahindi chotara yalikuwa na jiberelini nyingi kuliko wazazi wake. Wazazi walipopewa homoni hiyo waliharakisha kukua. Chotara hawakubadilika sana. (Asije mtu akawauzia chupa ya homoni kwa sababu hii. Shina refu si gunia la mahindi.)

Sasa turudi ghalani. Ukipanda punje za chotara, chavua ya ndugu huangukia ndugu, na zile tofauti za wazazi zilizoleta nguvu huanza kupotea. Kwa chotara wa wazazi wawili, karibu nusu ya nguvu ya ziada hupotea katika kizazi hicho kimoja tu. Kuchagua mahindi makubwa hakusaidii sana, maana ukubwa ule ulitokana na mchanganyiko.

Kamati isiyo na uhakika wa fedha za mwakani ifikirie mbegu zinazochavuka huria, kama Staha, Kilima au TMV-1 kwa Tanzania. Hazifikii chotara aliyepata mvua na mbolea, lakini zinahifadhika. Chagueni mbegu katikati ya shamba, kutoka mimea mingi, umbali wa mita 200 hivi na mahindi ya aina nyingine.

Nanyi wafadhili, mkiombwa fedha za chotara, ulizeni na za msimu unaofuata zitatoka wapi.