Kulipa Bidhaa Moja kwa Kadi na kwa Simu

Bei ya jokofu ni shilingi 1,850,000. Mnunuzi anazo shilingi 1,200,000 katika akaunti yake ya benki, na shilingi 650,000 zilizobaki zimo katika simu, zikiwa ni mgao wa kikoba uliomfikia wiki hiyo. Anamwomba mwenye duka apokee kiasi cha kwanza kwa kadi na cha pili kwa simu, naye mwenye duka anaridhia. Mpango huo ni wa kawaida na hauna ubaya wowote. Tunauandikia hapa kwa sababu una mitego ambayo mnunuzi huitambua baada ya fedha kuondoka, na wakati huo kila ofisi aendayo humwelekeza ofisi nyingine.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mauzo ni mamoja, bali malipo ni mawili. Kati ya mnunuzi na muuzaji upo mkataba mmoja, wa bidhaa moja kwa bei moja. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, haiangalii fedha ilipitia njia gani. Jokofu likiwa bovu, ni bovu lote, wala muuzaji hawezi kudai kuwa anawajibika kwa sehemu ya kadi tu au ya simu tu.

Upande wa malipo mambo ni tofauti. Unapochomeka kadi katika mashine, ombi husafiri kutoka benki ya muuzaji, likapita katika mtandao wa kadi kama vile Visa au Mastercard, hadi kwenye benki yako, ambayo hukubali au hukataa. Ikikubali, kiasi hicho huzuiwa katika akaunti yako papo hapo, lakini muuzaji hukipata baadaye, baada ya mashine kufunga hesabu ya siku. Fedha ya simu haina safari hiyo: ukishathibitisha kwa namba ya siri, imeingia katika akaunti ya biashara. Benki haina habari ya malipo ya simu, na kampuni ya simu haina habari ya malipo ya kadi. Anayejua kuwa viwili hivyo ni kimoja ni wewe na muuzaji, pamoja na karatasi mtakayoiandika.

Kutokana na tofauti hiyo, ushauri wetu ni kuanza na kadi. Kadi ikikataliwa, kwa kuwa salio halitoshi au kikomo cha siku kimefikiwa, hujapoteza kitu. Unaahirisha ununuzi na kwenda zako. Kadi ikikubali kisha simu ikashindwa, muuzaji anaweza kuufuta muamala katika mashine ile ile kabla hajafunga hesabu ya siku. Mwombe aufute mbele yako na akupe karatasi ya kufutwa kwake. Kiasi hicho kinaweza kuendelea kuonekana kimezuiwa kwa siku kadhaa, lakini karatasi hiyo ndiyo ushahidi wako. Ukisubiri hadi kesho yake, kinachowezekana si kufuta tena bali kurejesha, nako kurejesha huchukua siku nyingi zaidi. Ukianza na simu na kadi ikakataa, itakubidi umtegemee muuzaji akurudishie kwa hiari yake, na makato ya kutuma yaweza kuzua ubishi mpya. Kampuni ya simu, kwa kawaida, haitaitoa fedha katika akaunti ya biashara kwa neno lako peke yako.

Kabla ya hayo yote, uliza bei kamili ni ngapi kwa njia hiyo ya malipo. Wapo wauzaji wanaoongeza asilimia fulani kwa anayelipa kwa kadi. Hatuupendi mtindo huo. Lakini ukikutana nao na ukaamua kuendelea, hakikisha nyongeza imekokotolewa juu ya sehemu ya kadi pekee. Katika mfano wetu, asilimia 2 ya shilingi 1,200,000 ni shilingi 24,000. Asilimia hiyo hiyo ikitozwa juu ya bei nzima inakuwa shilingi 37,000, na tofauti ya shilingi 13,000 imelipiwa huduma ambayo haikutumika.

Angalia pia fedha ya simu inakwenda kwa nani. Ukilipa kwa Lipa Namba, jina la biashara hujitokeza kabla hujathibitisha. Lisome, ulilinganishe na jina lililo katika kibao cha duka na katika risiti. Mhudumu akikwambia utume kwenye namba yake binafsi kwa sababu “ya duka ina tatizo leo”, usitume. Siku ya mzozo mwenye duka ataweza kusema kwamba alipokea shilingi 1,200,000 tu na kwamba hizo nyingine ulimpa mtu wako. Kwa mtazamo wetu, hakuna punguzo la bei linalofidia hatari hiyo.

Tukija kwenye risiti, hapa ndipo wengi wanapoumia. Risiti ya EFD inapaswa kuonyesha bei yote, shilingi 1,850,000, si kiasi kilichopita katika mashine ya kadi. Karatasi inayotoka katika mashine ya kadi si risiti ya kodi. Inathibitisha tu kuwa benki imekubali malipo. Ujumbe mfupi wa simu nao si risiti ya mauzo. Muuzaji akitoa risiti ya EFD kwa sehemu ya kadi na kuiacha sehemu ya simu bila kumbukumbu, amekwepa kodi, na wewe umebaki na ushahidi wa kununua jokofu la shilingi 1,200,000. Ukilirudisha, hicho ndicho kiasi atakachokubali kukijadili. Dai risiti ya bei nzima. Ni haki yako na pia ni wajibu wako kisheria. Kisha mwombe muuzaji aandike katika ankara, kwa mkono ikibidi, maneno machache: kiasi gani kimelipwa kwa kadi, kiasi gani kwa simu, na namba ya kumbukumbu ya kila muamala. Piga picha ya karatasi ya kadi, maana wino wake hufifia.

Inapotokea bidhaa kurudishwa, kanuni njema ni kwamba fedha irudi kwa njia iliyojia: sehemu ya kadi irudi kwenye kadi, sehemu ya simu irudi kwenye simu. Kanuni za mitandao ya kadi zinamtaka muuzaji arejeshe malipo ya kadi kwenye kadi hiyo hiyo, wala asiyarejeshe kwa fedha taslimu. Mnunuzi aweza kuona taslimu ni rahisi zaidi, lakini ajue kuwa akizipokea bila maandishi, kumbukumbu za benki zitaendelea kuonyesha kuwa hajarejeshewa, na muuzaji naye hatakuwa na amani. Jambo gumu zaidi ni kurudisha sehemu ya bidhaa tu, kwa mfano ulinunua jokofu na pasi kwa pamoja ukarudisha pasi. Hapo hakuna njia moja iliyo sahihi. Kubalianeni irudi wapi, na muandike.

Ikiwa muuzaji amepokea fedha na bidhaa haikuletwa, mwenye kadi anaweza kuiomba benki yake ipinge muamala kupitia mtandao wa kadi. Njia hii ina nguvu, ila inagusa sehemu ya kadi peke yake: katika mfano wetu shilingi 1,200,000, basi. Kwa madai mengi kanuni za mitandao zinaweka ukomo wa siku 120, lakini benki yako inaweza kukutaka uwahi zaidi, kwa hiyo usingoje ahadi ya nne ya “njoo wiki ijayo”. Shilingi 650,000 za simu zinadaiwa kwa muuzaji mwenyewe. Benki au kampuni ya simu ikishindwa kushughulikia lalamiko lako, unaweza kulifikisha Benki Kuu ya Tanzania, ambayo husimamia zote mbili katika masuala ya malipo. Lalamiko dhidi ya mwenendo wa muuzaji, kama vile udanganyifu kuhusu bidhaa, linahusu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na hupelekwa Tume ya Ushindani.

Baadhi ya wasomaji wana ndugu Uingereza, na wamesikia kutoka kwao kwamba ukilipa hata malipo ya awali tu kwa kadi, benki inawajibika kwa bei yote. Hilo ni kweli huko, kwa masharti: ni kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya walaji ya mwaka 1974, kinahusu kadi za mkopo, na bei ya bidhaa iwe zaidi ya pauni 100 na isizidi pauni 30,000. Hakihusu kadi inayotoa fedha moja kwa moja katika akaunti yako, na kadi nyingi tunazozibeba hapa ni za aina hiyo. Usinunue kwa kutegemea kinga ya nchi nyingine.

Mwisho, kuna kugawa malipo kwa namna isiyofaa: kadi ile ile kuchomekwa mara mbili au tatu kwa viasi vidogo ili kukwepa kikomo. Kanuni za mitandao ya kadi zinawakataza wauzaji kufanya hivyo, na kwako wewe kila kipande huwa muamala wake, wenye pingamizi lake na namba yake. Kama tatizo ni kikomo cha siku, ipigie benki yako kabla ya kwenda dukani uulize kama inaweza kukiongeza kwa siku hiyo.