JE, WAJUA? Pesa za Mji Uliozingirwa

Je, wajua kwamba watu wamewahi kulipana kwa kurasa za vitabu vya kanisa? Ni Leiden, Uholanzi, mwaka 1574. Waholanzi walikuwa wamemwasi Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, majeshi yake yakauzingira mji, fedha ikaadimika. Basi vitabu vya makanisa ya Kikatoliki vikachanwa, karatasi zikagandishwa moja juu ya nyingine, zikakatwa mviringo na kugongwa chapa kama sarafu halisi.

Je, wajua kwamba pesa hizo nusura zimwage damu kanisani? Ziliandikwa kwa Kilatini kuwa ni kwa ajili ya uhuru. Mchungaji mmoja akawaka mimbarini: ilipasa iandikwe kwa ajili ya dini! Inasimuliwa kwamba karani wa mji, Jan van Hout, aliyeketi karibu na meya, alichomoa bastola akauliza kama amwangushe. Meya akamzuia. Na hapo adui yuko nje ya ukuta, njaa iko ndani.

Je, wajua kwamba Newark, Uingereza, ilikuwa na sarafu zenye pembe nne? Mwaka 1645 na 1646, wafuasi wa Mfalme Charles wa Kwanza, wakiwa wamezingirwa na jeshi la Bunge, walikatakata vyombo vyao vya fedha. Ukizitazama kwa karibu, chache bado zina alama ya nembo ya kifalme iliyokuwa kwenye chombo. Sahani ya bwana ikawa mshahara wa askari!

Je, wajua kwamba wanamapinduzi wa Ufaransa nao walibanwa? Mwaka 1793, huko Mainz, Ujerumani, walitoa sarafu za sol 1, 2 na 5, zilizoandikwa waziwazi kuwa ni pesa za mji uliozingirwa. Tarehe 23 Julai wakasalimu amri.

Je, wajua kwamba Afrika pia imo? Mwaka 1884, jeshi la Mahdi, kiongozi wa uasi wa Sudan, lilipoizingira Khartoum, Jenerali Gordon, Mwingereza aliyeulinda mji huo, alitoa noti za karatasi, nyingine akizitia saini kwa mkono wake. Zina tarehe 25 Aprili 1884 na ahadi ya kulipwa baada ya miezi 6. Miezi hiyo ilipotimia, mji ulikuwa bado umezingirwa. Tarehe 26 Januari 1885 ukatekwa, na Gordon akauawa.