Mawingu ya Kusini: Galaksi Vibete katika Darubini za Redio

Mwishoni mwa Desemba, usiku usio na mwezi, mtu akisimama ufuoni Bodo mnamo saa tatu na kuelekea kusini, huona madoa mawili ya weupe yaliyoinama chini angani. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akinisimulia ngano za pwani hiyo, alinikatiza ghafla: "Mwanangu, mawingu yale mbona kaskazi haiyapeperushi?" Sikuwa na jibu. Makala haya yanakusudia kulitoa, japo kwa kuchelewa.

Yale si mawingu, bali ni galaksi mbili ndogo zilizo jirani na galaksi yetu. Wingu Kubwa la Magellan liko umbali wa miaka-nuru 160,000 hivi, na Wingu Dogo 200,000 hivi. Wanafalaki huziita galaksi vibete. Istilahi hiyo inaeleweka, ingawa ni ajabu kukiita kibete kitu chenye mabilioni ya nyota.

Jicho huona nyota tu. Katikati ya nyota mna gesi baridi ya hidrojeni isiyotoa nuru yoyote, nayo ndiyo malighafi ya nyota zijazo. Atomu ya hidrojeni hutoa wimbi la redio lenye urefu wa sentimita 21. Atomu moja yaweza kungoja miaka milioni kadhaa kabla ya kulitoa, lakini atomu ni nyingi mno, hivyo sauti haikatiki. H. C. van de Hulst alilibashiri wimbi hilo mwaka 1944. Likanaswa Marekani mwaka 1951, na miaka miwili baadaye wataalamu wa Australia wakalipokea kutoka katika mawingu yetu haya mawili.

Faida yake ni kubwa. Gesi inayotukimbia hurefusha wimbi, inayotujia hulifupisha. Basi mtafiti hupima jinsi galaksi inavyozunguka. Upimaji uitwao LITTLE THINGS, uliochapishwa mwaka 2012, ulichunguza galaksi vibete 41 kwa darubini ya VLA ya Marekani. Katika galaksi za aina hii gesi huzunguka kwa kasi isiyoelezeka kwa uzito wa nyota na gesi pekee. Kuna maada isiyoonekana inayozishikilia. Barani kwetu, MeerKAT ya Afrika Kusini, yenye sahani 64, ilizinduliwa mwaka 2018, na mradi wake wa MHONGOOSE unachunguza galaksi 30 za karibu, kubwa kwa ndogo.

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili: takriban galaksi vibete zote zilizo karibu sana na yetu hazina hidrojeni, ilhali zilizo mbali bado zinayo. Leo T, iliyogunduliwa mwaka 2007 umbali wa miaka-nuru milioni 1.4 hivi, ni hafifu kupindukia, lakini gesi inayo. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba galaksi yetu imezungukwa na gesi nyembamba yenye joto kali. Kibete kikipita humo, gesi yake hukumbwa na kubaki nyuma, mithili ya moshi wa jahazi la mota.

Mawingu ya Magellan yamesalia na gesi yake kwa kuwa ni mazito, tena ni wageni wa karibuni. Hata hivyo hayakusalimika. Mwaka 1974 ilitangazwa kwamba darubini ya Parkes, Australia, imeona mkondo mrefu wa hidrojeni ukitoka kwayo na kukata anga ya kusini. Umetokana na kuvutana kwao wenyewe pamoja na msukumo wa gesi ile ya moto. Nikirudi Bodo, nitamwambia mzee kwamba yanapeperushwa, ila si kwa kaskazi.